Uchungu wa Mbire

Amri ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, maji na hopsi tu, na tangu zamani watengenezaji bia wa Ulaya wamelinganisha hopsi kwa harufu na uchungu: Saaz ya Bohemia, Fuggle ya Uingereza. Mmea huo hausitawi Nemba, wilayani Biharamulo mkoani Kagera. Huhitaji mchana mrefu wa kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta ili ukue vizuri kabla ya kuchanua, nao ukanda wa Ngara na Biharamulo haufiki nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Lakini ustadi wa kuchagua mmea kwa ajili ya uchungu wake ulikuwapo Kagera, nao ulikuwa kwenye migomba. Wakulima walitenga ndizi za kupika na mbire, ndizi za pombe zenye utomvu wa tanini unaokausha ulimi. Ushahidi mkubwa ni kwamba mgomba wa kupika huweza wenyewe kugeuka na kutoa chipukizi lenye ndizi chungu. Chipukizi kama hilo lingeweza kung'olewa kama hasara; lilitunzwa, likagawiwa, likapewa jina. Mtafiti Deborah Karamura alipoigawa migomba ya nyanda za juu katika makundi matano mwaka 1998, kundi moja zima lilikuwa la ndizi za pombe.

Mtu atasema tanini si hopsi, kwa kuwa hopsi huzuia bakteria na bia ikasafiri mbali, ilhali rubisi, pombe ya ndizi, huchacha ndani ya siku chache. Ni kweli. Ila rubisi ilitengenezwa kwa ajili ya harusi, msiba na kazi ya ujima, ikanywewa papo hapo; kilichotafutwa ni uchungu wa kuzuia utamu usikinaishe, pamoja na mtama uliokaangwa wa kuchachusha na kutia rangi. Pingamizi zito zaidi ni kayinja, ndizi tamu ya pombe iliyoenea karne ya 20 na kuchukua nafasi ya mbire katika mashamba mengi. Je, ladha haikuwa na uzito? Naona udongo ndio ulioamua: kayinja huvumilia ardhi iliyochoka na hutoa maji mengi. Gharama yake ilionekana mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006. Wadudu hubeba bakteria wa ugonjwa huo hadi kwenye makovu mabichi ya ua dume, na kayinja huambukizwa kirahisi kwa njia hiyo, hata wakulima wakahimizwa kulivunja ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda.