Mgomo wa Makuli wa Dar es Salaam

Somo letu la leo ni habari za makuli wa bandari.

Wengi wao walikuwa vibarua. Alfajiri walitoka Kariakoo kwa miguu, wakaenda bandarini. Meli ikiwapo, walipata kazi ya siku moja. Isipokuwapo, walirudi mikono mitupu.

Mwaka 1939 vibarua waligoma peke yao, wakashindwa. Kisha vita vikapandisha bei ya vitu, lakini ujira ukabaki nyuma. Mwaka 1943 makuli waligoma tena, wengi wakashtakiwa. Septemba 1947 waligoma mara ya tatu. Safari hii watu wa reli waliungana nao, na mgomo ukafuata reli mpaka Morogoro, Dodoma na Tabora. Ujira ukaongezwa, na makuli wakaunda chama chao.

Mwaka 1950 mgomo mwingine uliingia fujo, na chama kikavunjwa. Lakini fundisho halikupotea. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu.

Kuli mmoja akitua mzigo, hufukuzwa. Wakitua wote, meli haipakuliwi.

Swali la kuzungumza darasani: kwa nini mgomo wa 1947 ulifaulu kuliko ule wa 1939?