Swichi ya feni ya rejeta: ilitoka wapi, na kwa nini isihamishwe ovyo

Kwa kawaida hapa huwa tunazungumzia programu, seva na mambo mengine ya tarakilishi. Leo naomba tufungue boneti ya gari.

Sababu ni hii. Huku kwetu Kisii na Nyamira kuna kazi moja ambayo mafundi wa jua kali huifanya sana, nayo ni kuhamisha swichi inayowasha feni ya rejeta. Rejeta ya zamani imetoboka, ile iliyopatikana haina tundu la swichi. Basi fundi anakata paipu ya juu, anachomeka kipande cha bomba la chuma katikati, anafunga swichi humo, gari linaondoka. Baada ya wiki mbili linachemsha mlimani, au feni inazunguka mchana kutwa bila kuzima. Rejeta inalaumiwa, maji yanalaumiwa, fundi analaumiwa. Mimi nasema tuanze na historia ya swichi yenyewe, kwa maana jibu limo humo.

Enzi za mkanda

Magari ya kwanza hayakuwa na swichi ya namna hii. Chukua Ford Model T iliyotoka mwaka 1908: feni ilivutwa na mkanda kutoka kwenye injini. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Hakuna aliyeuliza maji yana joto gani.

Mpango huo ulikuwa rahisi, lakini ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, feni ilikula nguvu ya injini hata asubuhi ya baridi wakati haitakiwi. Pili, kasi ya feni ilifungwa kwenye kasi ya injini badala ya kufuata joto. Ukisimama kwenye msongamano, injini ikiunguruma polepole, feni nayo inapunga polepole, na ndipo hasa unapoihitaji.

Peugeot yaja na swali

Wazee wetu watakumbuka Peugeot 404. Ilitoka Ufaransa mwaka 1960, ikashinda mashindano ya Safari hapa Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Iliyoifuata, 504, ilishinda mwaka 1975 na 1978. Hiyo 504 iliunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 2004, na aina yake ndefu ya abiria ilisafirisha watu kati ya Nairobi na miji ya magharibi kwa miaka mingi.

Kitu ambacho wengi hawakukijua ni kwamba feni yake ilikuwa na akili kidogo. Ilivutwa na mkanda, ndiyo, lakini kati ya mkanda na feni kulikuwa na sumaku ya umeme. Swichi ya joto iliyozama kwenye maji ndiyo iliyoamua: maji yakipata moto, umeme unapita, sumaku inashika, feni inazunguka. Yakipoa, sumaku inaachia. Kwa lugha yetu sisi wa programu, hapa sharti la "ikiwa" lilikuwa limeingia kwenye rejeta.

Na pamoja na sharti hilo ukaja ugonjwa mpya. Swichi ikifa, au waya ukikatika, sumaku haishiki na feni haizunguki. Dawa ya mafundi ilikuwa kuifunga feni kwa skrubu iwe inazunguka muda wote, yaani kurudi enzi za mkanda.

Injini inageuzwa ubavu

Mapinduzi yenyewe yalitoka Ulaya. Mwaka 1969 Fiat ya Italia ilitoa modeli ya 128, na mwaka 1974 Volkswagen ikatoa Golf. Magari haya yalilaza injini kwa upana, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Rejeta ikabaki mbele lakini injini ikawa imegeukia ubavuni, kwa hiyo mkanda haukuweza tena kuifikia feni kwa urahisi. Suluhisho likawa feni yenye mota yake ya umeme, na mota inahitaji mtu wa kuiamuru. Swichi ikapewa kazi ya kudumu.

Ndani yake, swichi nyingi za aina hii zina kisahani cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto, kwa hiyo kisahani hujipinda, na kikifika kiwango fulani kinaruka ghafla upande wa pili na kugusisha nyaya. Wazo la kubana metali mbili ni la John Harrison, yule mtengeneza saa wa Uingereza wa karne ya 18.

Tazama pia kwamba swichi ina namba mbili. Mojawapo ya zile za Volkswagen huwasha feni maji yakiwa kati ya nyuzi 92 na 97, na kuizima yakishuka hadi kati ya 91 na 84. Pengo hilo limewekwa makusudi. Lingekuwa na namba moja tu, feni ingewaka na kuzima kila dakika mpaka mota iungue.

Toyota wanageuza mantiki

Soko la magari lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ya Japani ilijaa barabarani kwetu. Ile Corolla tunayoiita "Toyota 100", iliyoanza kutengenezwa mwaka 1991, ilikuja na swichi iliyofikiriwa kinyume. Maji yakiwa baridi, swichi hii imefunga na umeme unapita, na umeme huo ndio unaoiambia rilei iizime feni. Maji yakifika karibu nyuzi 93, swichi inafungua, rilei inaachia, feni inawaka.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Fikiria waya ukikatika. Kwenye Golf, feni haiwaki tena na injini inaungua. Kwenye Toyota hii, feni inazunguka bila kukoma, unapoteza betri kidogo lakini unafika nyumbani. Hitilafu imeelekezwa upande wa usalama. Nimesoma shahada nzima ya sayansi ya tarakilishi na sijaona mfano mzuri wa somo hilo kupita huu.

Lakini hapo pia pana mtego. Fundi akichukua swichi ya gari lingine, ile inayofunga kwa joto, akaifunga kwenye Toyota hii kwa sababu uzi wake umeingia sawasawa, feni itazunguka injini ikiwa baridi na kuzima injini ikiwa moto. Gari likijaribiwa pale gereji asubuhi, feni inapiga upepo vizuri, na mwenye gari analipa akiwa ameridhika.

Mahali ndilo swali

Sasa turudi kwenye kuhamisha. Swichi iliyo chini ya rejeta, upande wa maji yanayorudi injini, inauliza: je, rejeta imemaliza kazi yake? Swichi iliyo juu, maji yanapotoka injini, inauliza: je, injini ina moto kiasi gani? Hayo ni maswali mawili tofauti, na namba za swichi zilichaguliwa kwa swali moja tu.

Ukitoa swichi ya chini inayozima kwenye nyuzi 83 ukaiweka paipu ya juu, kwenye gari ambalo themostati yake inafungua kwa nyuzi 88, feni ikishawaka haitazima tena mpaka uzime injini. Ukifanya kinyume, swichi ya juu ukaipeleka chini, feni itachelewa.

Paipu ya juu ina hatari nyingine. Themostati ikikwama imefunga, maji moto hayafiki pale, kwa hiyo swichi inakaa kwenye maji baridi huku injini inachemka. Maji yakipungua, paipu hiyo ndiyo ya kwanza kukauka. Na kile kipande cha chuma kimeshikwa na mpira pande zote mbili, hakigusi bodi. Swichi yenye waya mmoja hupitisha umeme kupitia mwili wake, kwa hiyo bila waya wa athi haifanyi kazi kabisa.

Mlima hausamehe

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Nyamira kama Kiabonyoru inapita mita 2,000. Maji hupunguza kiwango chake cha kuchemka kwa karibu nyuzi moja kila mita 300. Kwa hiyo hapa Kisii, maji matupu kwenye sufuria huchemka karibu na nyuzi 94.

Linganisha na ile swichi inayoamka kwenye 93. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho kikiwa kizima hushikilia mgandamizo na kupandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110. Raba ya kifuniko ikiisha, feni inaamka wakati maji tayari yanatokota. Ongeza gari lililojaa majani chai likipanda kwa gia ya kwanza kuelekea kiwandani Kebirigo, hakuna upepo wa mbele, feni peke yake ndiyo tegemeo. Gasketi ya silinda hedi ikiungua hapo, mwenye gari amepoteza mapato ya wiki kadhaa.

Swali linahamia kwenye msimbo

Probox, iliyotoka Japani mwaka 2002 na sasa ndiyo mfalme wa barabara zetu za ndani, haina swichi ile. Ina kihisi kwenye injini kinachopima joto mfululizo, na kompyuta ya gari ndiyo inayoamua feni iwake lini. Kwa hiyo hata viwanda vyenyewe vilihamisha swali kutoka kwenye rejeta hadi kwenye injini. Tofauti ni kwamba wao walibadilisha namba pia.

Basi kama ni lazima uhamishe, mwulize fundi mambo manne: swichi hii inafunga kwa joto au inafungua? Inawasha na kuzima kwenye nyuzi ngapi? Mahali papya maji yana joto gani ukilinganisha na pa zamani? Waya wa athi uko wapi? Kisha badilisha kifuniko cha rejeta kama raba yake imechoka, na mjaribu gari pamoja mlimani, likiwa na mzigo, kabla ya kulipa.