Sufi ya Godoro na Jaketi Okozi

Bibi harusi wa kisiwani anayeolewa Songea hudhani hatari ya maji ameiacha Unguja. Haikubaki. Barabara ya Songea ikishapita Mbinga inateremka mpaka Mbamba Bay, na pale lipo Ziwa Nyasa, kina chake kama mita 700, nalo likichafuka halina mzaha. Basi leo tukijue kile kivazi cha rangi ya chungwa tunachokiona kwenye boti na kukiacha papo hapo.

Waashuru wa kale walivuka mito wakikumbatia viriba vya ngozi vilivyojaa pumzi. Wamechongwa hivyo kwenye mawe. Mwaka 1854 Kapteni Ward wa Uingereza akabuni fulana ya koki, lile gome la vizibo vya chupa. Februari 1861, huko Whitby, mashua ya waokoaji 13 ilipinduka. Alipona mmoja tu, Henry Freeman, naye ndiye pekee aliyekuwa ameivaa.

Karne ya 20 ilipoingia, koki ikaipisha sufi. Naam, sufi hiihii ya mito na magodoro ya harusi! Kila unyuzi ni mrija mdogo wenye hewa ndani na nta nje, kwa hiyo maji hayapenyi upesi. Ila ikilowa mafuta haielei tena vizuri, na melini mafuta hayakosekani. Ndiyo maana siku hizi hutiwa sponji maalumu. Iko hata mikanda inayojijaza gesi yenyewe ikigusa maji.

Lakini kifaa hakimwokoi asiyekivaa, na wengi wetu tunachelea stara. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, tukazika mamia, wengi wao kina mama na watoto. Jaketi huvaliwa juu ya buibui, kamba zikafungwa kabla ya safari, na hakuna kinachofunuka.

Kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoana, wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Wanapoanza kujifunza kuelea hukumbatia madumu matupu ya plastiki, kama Waashuru na viriba vyao.