Kabla Ndege Haijaruka

Kila inapotajwa historia ya vijana wa Afrika Mashariki waliokuja Marekani kusoma, picha inayotujia ni ya ndege. Ni Septemba 1959, uwanja wa Embakasi, Nairobi. Vijana 81 wanapanda ngazi, nyuma yao wazazi na jamaa wanaimba na kulia. Picha hiyo tunaipenda sisi tulioko ughaibuni kwa sababu kila mmoja anajiona ndani yake. Lakini safari ya ndege, hata ile ya siku zile za kutua kila mahali kutia mafuta, haikuzidi siku chache. Mzigo wenyewe ulikuwa miezi na miaka ya kabla ya ndege: barua, vyeti, fedha za watu, na usiku wa kukosa usingizi. Hayo hayapigwi picha, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1950 kijana Mwafrika wa Kenya aliyefaulu mtihani wa Cambridge alikuwa na mlango mmoja mkubwa, nao ni Makerere kule Kampala. Nairobi ilipata Royal Technical College mwaka 1956, na Dar es Salaam ilingoja mpaka 1961. Nafasi zilikuwa za kuhesabu. Uingereza ilichukua wachache, kama Julius Nyerere aliyekwenda Edinburgh mwaka 1949, na kwa kawaida mtu wa namna hiyo alikuwa ameshapita katika macho ya serikali.

Marekani ilikuwa habari nyingine kabisa. Maofisa wa kikoloni hawakuipenda. Walisema shahada zake ni hafifu, tena wanafunzi watakwama ugenini bila senti mfukoni. Hoja hii ya pili haikuwa ya uongo mtupu, kama tutakavyoona, ila nyuma yake palikuwa na hofu ambayo haikusemwa waziwazi. Mbiyu Koinange alikwenda Hampton mwaka 1927, akasoma na Ohio, akafika hadi Columbia. Aliporudi, mwaka 1939 akawa mkuu wa chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya Waafrika wenyewe. Serikali ilikifunga wakati wa Hali ya Hatari. Ofisa aliyekaa na faili la mwombaji mezani alijua historia hiyo vizuri kuliko mwombaji mwenyewe.

Tumtazame mmoja aliyeonja uchungu huo. R. Mugo Gatheru alikuwa mhariri msaidizi wa gazeti la chama cha KAU. Alipotaka kwenda Marekani, serikali ilimnyima cheti cha mwenendo mwema, na bila cheti hicho viza haikupatikana. Angefanya nini? Alizunguka. Akaenda India kwanza, akasoma huko, na kutoka huko akapata njia ya kufika Marekani mwaka 1950. Yeyote aliyewahi kuzungushwa katika ofisi za pasipoti ajiulize kama angekuwa na moyo wa kuvuka Bahari ya Hindi kuelekea mashariki ili afike magharibi. Hata hivyo faili lilimfuata. Mwaka 1952, akiwa mwanafunzi Lincoln University, Pennsylvania, idara ya uhamiaji ya Marekani ilitaka kumfukuza nchini. Marafiki zake, akiwamo mwanazuoni St. Clair Drake wa Chicago, walimchangia na kumtetea, na kesi ikaburuzwa kwa miaka. Mtu alitakiwa kusoma vitabu vyake huku hajui kama mwezi ujao atakuwa darasani au melini. Mwaka 1964 aliyaandika mambo yake katika kitabu, *Child of Two Worlds*, na kwa maoni yangu kila anayefunga sanduku angekisoma kabla ya kusoma vipeperushi vya vyuo.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi 12 Januari 1960. Hesabu miaka hiyo, utaona kwamba wale 81 waliondoka wakati sheria zake zilikuwa bado zinafanya kazi. Kwa kijana wa Kikuyu, Embu au Meru, hata kusafiri kutoka wilaya yake kwenda Nairobi kufuata makaratasi kulikuwa ni jambo la kibali. Mwenye kaka aliyetiwa kizuizini alijua kwamba jina la kaka yake litaulizwa.

Sasa ongeza barua. Kijana alipata anwani za vyuo kwenye maktaba ya Wamarekani mjini Nairobi, au kwa mwalimu wa misheni, au kwa rafiki aliyetangulia, kisha akaandika. Hapakuwa na intaneti wala simu ya kuulizia. Barua moja ilikwenda na kungojewa kwa wiki nyingi, na mara nyingi jibu lilikuwa ombi la karatasi nyingine. Chuo kikikubali kusamehe ada, bado palibaki chakula, malazi na nauli. Palikuwa na pasipoti, viza, uchunguzi wa daktari na cheti cha chanjo ya ndui. Kila karatasi ilingoja nyingine itangulie, na muhula wa Septemba haukumngoja mtu.

Niseme neno hapa kuhusu Barack Obama, baba yake aliyekuja kuwa rais. Wengi humpandisha katika ndege ile ya 1959, na hata magazeti yamerudia hivyo. Hakuwamo. Aliondoka mwaka huohuo kwa njia yake, baada ya kujaza mapengo ya masomo yake kwa njia ya posta, kuandikia vyuo vingi, na kusaidiwa na mwalimu wa Kimarekani aliyefanya kazi Nairobi, Elizabeth Mooney. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali. Namtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha jinsi kazi ya kabla ya safari ilivyokuwa ya mtu mmoja mmoja, gizani, bila kujua kama kuna atakayejibu.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye moyo wa habari yenyewe. Mkulima wa Nyeri au mvuvi wa Nyanza hakuwa na nauli ya kwenda Amerika. Basi kijiji kilichanga. Ziliandaliwa karamu za chai, watu wakanunua kikombe cha chai kwa bei isiyo ya chai. Ng'ombe na mbuzi waliuzwa. Makanisa yalipitisha vikapu. Neno harambee lilikuwa bado halijawa wito wa taifa, lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshakomaa.

Sisi tuliokuja baadaye tunalijua daftari la mchango. Langu bado lipo nyumbani, limeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa shule ya msingi, na ndani yake kuna mtu aliyetoa mayai manne. Mayai yale yamenikosesha usingizi kuliko mtihani wowote. Mkopo wa benki una riba na una mwisho. Mchango hauna hesabu ya kumaliza. Aliyechangiwa hawezi kusema nimebadili nia, hawezi kuandika nyumbani kwamba masomo yamemshinda, hawezi hata kuugua kwa raha. Kwa hiyo ninaposoma kwamba wanafunzi wa 1959 waliaga kwa nyimbo na hotuba za wazee, sisikii nyimbo tu. Nasikia kijiji kizima kikikabidhi deni.

Mtu aliyeutambua mzigo huo na kuutafutia dawa alikuwa Tom Mboya, ambaye mwenyewe hakuwa na shahada. Alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na alisoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford, 1955 hadi 1956. Mwaka 1956 alikutana Marekani na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, ambaye alianza kulipia nauli za wanafunzi wachache. Mboya aliona kwamba nauli ndiyo fundo: chuo kimeshakubali, kijiji kimechanga cha kuanzia, lakini nauli inameza vyote. Wazo likawa kukodi ndege nzima. Likaundwa shirika la African-American Students Foundation, na barua ya kuomba michango kwa Wamarekani ikatiwa saini na Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Wamarekani weusi waliitikia. Nauli ikiwa imepatikana, fedha ya kijiji iliweza kubaki kwa matumizi ya mwanafunzi.

Kule Nairobi, Mboya pamoja na Dkt. Gikonyo Kiano, Mkenya wa kwanza kupata udaktari wa falsafa, na Kariuki Njiiri, walipitia majina na makaratasi. Hapa historia hupita haraka, nami sipendi ipite. Maana palipo na orodha, pana walioachwa nje yake. Mtu aliyekuwa na barua ya chuo mkononi na akakosa kiti alirudi kijijini kwa watu waliokwisha kunywa chai yake.

Mwaka 1960 tatizo lilizidi, kwa kuwa waliopata vyuo walikuwa wengi mno kwa ndege moja na Wizara ya Nje ya Marekani ilikataa kugharamia safari. Tarehe 26 Julai Mboya alimfuata Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port. Kennedy alikuwa katikati ya kampeni ya urais. Mfuko wa familia yake ukatoa dola 100,000. Wizara ikabadili kauli ghafla na kujitolea kulipa, na jambo likageuka ugomvi wa uchaguzi kati ya kambi ya Kennedy na ya Nixon. Wamarekani wanapoandika habari hii hukaa sana kwenye ugomvi huo. Mimi nawafikiria zaidi waliokuwa Nairobi mwezi ule wa Julai, muhula umebaki wiki chache, masanduku yako tayari, hawajui kama kuna ndege. Septemba hiyo waliondoka karibu 300, wakiwamo wa kutoka Tanganyika na Uganda. Hadi mpango ulipokwisha mwaka 1963 walikuwa wamesafiri takriban 800.

Wapo wasiopata ndege wala pasipoti. Hao walishika njia ya Uganda na Sudan mpaka Cairo, wengine vipande virefu kwa miguu, na kutoka Cairo wakapelekwa Urusi, Ujerumani Mashariki na kwingineko katika nchi za kambi ile, kwa mipango iliyosimamiwa na Oginga Odinga. Picha zao ni chache.

Miongoni mwa walioruka Septemba 1960 alikuwa msichana wa Ihithe, Nyeri, aliyemaliza Loreto Limuru, Wangari Muta, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Wangari Maathai. Kanisa Katoliki lilimpatia nafasi katika chuo cha masista cha Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas. Ameeleza katika kitabu chake cha 2006, *Unbowed*, safari ya basi kutoka New York hadi Kansas, na mkahawa mmoja wa Indiana ambako waliambiwa wanaweza kununua soda lakini si kukaa ndani kuinywa. Katika maandalizi yote yale hakuna aliyewaandaa kwa hilo.

Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh, akaitwa kazini Nairobi, akarudi Januari 1966. Mkononi alikuwa na barua ya kuajiriwa katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Alipofika ofisini akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Alionyesha barua. Haikusaidia. Ilimbidi aanze upya kubisha hodi, safari hii katika mji mkuu wa nchi yake huru, mpaka Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, alipompa kazi.