Uzito Unaorudi: Shibe na Njaa katika Historia ya Gitega na Muyinga

Kunenepa tena miaka kadhaa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni tatizo ambalo madaktari walianza kulichunguza katika karne ya 20. Mwili unaolileta, hata hivyo, ni ule ule uliopita katika njaa na shibe vizazi kwa vizazi. Burundi ya kati, kwenye vilima vya Gitega, na ya kaskazini-mashariki, huko Muyinga, ni mahali pazuri pa kuifuatilia historia hiyo, kwa sababu huko uzito wa mtu ulikuwa jambo la heshima na la uhai muda mrefu kabla haujawa jambo la hospitali.

Gitega ilikuwa katika moyo wa ufalme. Kilima cha Gishora, karibu na mji wa leo, kinahusishwa na mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Wajerumani walipoanzisha mji wa Gitega mwaka 1912, walikuja kukaa karibu na mamlaka iliyokwisha kuwapo. Mali ya nchi hiyo ilikuwa ng'ombe. Kwa mapatano ya ubugabire, mtu alipewa ng'ombe na mkubwa wake, naye akamlipa kwa utii na kazi. Maziwa yalikuwa chakula cha wenye hadhi, na adabu ilimtaka mtu asionekane akila ovyo mbele za watu. Mwenye kujiheshimu alikula ndani, kwa kiasi.

Ng'ambo ya mpaka desturi ilikuwa nyingine. Mashariki ya Muyinga iko Bugufi, nchi ya Warundi iliyotiwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kaskazini yake iko Karagwe. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika, akawakuta wanawake wa ukoo wa kifalme wakinyweshwa maziwa hadi washindwe kusimama wenyewe. Alimpima mmoja wao, shemeji ya mfalme: mkono ulikuwa na mzingo wa sentimita 58 hivi, paja sentimita 79, naye alikuwa na urefu wa sentimita 173. Kuna aibu katika kipimo hicho cha mgeni mwenye kamba juu ya mwili wa mwanamke wa watu. Lakini kimehifadhi ushahidi mmoja muhimu: binti wa mwanamke huyo alikuwa ameketi akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Unene wa namna ile haukuja wenyewe. Ulihitaji maziwa ya kila siku, kazi kidogo na mtu wa kusimamia, na kila kimoja kati ya hivyo kilipokoma mwili ulipungua.

Watu wengi wa vilimani hawakuwa na maziwa ya kutosha kunenepa. Walikula mtama, ulezi, maharage, viazi vitamu na ndizi, wakanywa pombe. Impeke ya mtama na urwarwa wa ndizi vilikuwa kinywaji na chakula kwa pamoja, na vilinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, kila mmoja akiinama kwa zamu yake. Mtama ulikuwa pia kitovu cha Umuganuro, sherehe ya kila mwaka ya kifalme iliyofungua msimu wa kupanda, ambayo ilikoma chini ya utawala wa Wabelgiji.

Kisha zikaja njaa. Sotoka iliyoenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno, na msafiri Oscar Baumann alipopita Burundi mwaka 1892 nchi nyingi za ukanda huu zilikuwa zimeshaguswa. Njaa ya 1943 na 1944 iliikumba Ruanda-Urundi. Wabelgiji walikuwa wamelazimisha kilimo cha muhogo na viazi kama akiba, na ndiyo maana ugali wa muhogo umekaa mezani Burundi hadi leo. Vijana wengi wa kaskazini-mashariki walivuka mpaka kwenda kufanya kazi Buganda na Tanganyika. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilirudisha njaa na ukimbizi, na Muyinga ikawa njia ya kukimbilia na ya kurudia kupitia Kobero. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Muyinga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Tangu mwaka 2025 Muyinga imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, lakini mpaka wa utawala haubadilishi kilichomo sufuriani.

Kile ambacho njaa huufanyia mwili kilipimwa vizuri zaidi mbali na Burundi, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia Februari 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea kwa majuma 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula kupita kiasi, wakisema bado wana njaa hata matumbo yakiwa yamejaa, na mafuta ya miili yao yakapita kiwango cha mwanzo. Mwili uliopungua hupunguza matumizi ya nguvu na kuongeza hamu ya chakula. Hauulizi kama kupungua huko kumeletwa na njaa, vita au kisu cha daktari.

Kisu kilianza kutumika miaka michache baadaye. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota walieleza upasuaji wa kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, njia iliyoachwa kwa sababu ya madhara yake. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito wa Iowa walianza kugawa tumbo na kuunganisha kifuko kidogo na utumbo. Baadaye ikaja njia ya kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza mfereji mwembamba, ambayo sasa ndiyo inayotumika zaidi duniani. Leo upasuaji huu unafanyika Nairobi, na Warundi walioko Ubelgiji au Marekani wanaweza kukutana nao huko, wakiwemo wale waliokimbia Burundi mwaka 1972, wakahamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania kuanzia mwaka 2007.

Matokeo ya muda mrefu yanajulikana hasa kutokana na utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987. Waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha kifuko na utumbo walipungua kwa asilimia 32 ndani ya mwaka 1 hadi 2, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa asilimia 25. Mtu aliyekuwa na kilo 120 angeshuka hadi 82 hivi, kisha kupanda hadi 90. Huko si kushindwa. Amebaki pungufu ya kilo 30, na sehemu iliyorudi ilitarajiwa. Kosa kubwa katika kliniki nyingi, na katika familia nyingi, ni kumhesabia mgonjwa kilo hizo kama ulafi. Aibu humfanya aache kuhudhuria, na asipohudhuria hakuna anayeona tatizo likikua.

Uzito unapopanda kupita matarajio hayo, sababu hutafutwa kwanza. Kifuko au mlango wake huweza kupanuka; ujauzito, huzuni, dawa kama insulini na stiroidi, au tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, vyote huongeza uzito. Kisha hutazamwa vinavyomiminika. Kifuko kidogo huzuia bonge la ugali, lakini hakizuii soda, uji wenye sukari wala pombe. Chupa moja kubwa ya bia ya Primus ina takriban kalori 300. Isitoshe, baada ya kuunganishwa utumbo kilevi huingia damuni haraka zaidi, na hatari ya ulevi huongezeka kuanzia mwaka wa pili. Kwa watu waliozoea kwamba msiba, posa na mapatano hayamaliziki bila kinywaji, hili ndilo sharti gumu kuliko yote, na jamaa wanapaswa kulijua kama mgonjwa anavyolijua.

Kwa upande wa chakula, chungu cha kawaida cha Gitega kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maharage na lengalenga vina protini na nyuzinyuzi; ndagala, yaani dagaa, huongeza protini bila gharama ya nyama. Tatizo ni mawese: kila kijiko kikubwa kina kalori 120 hivi, na mpishi hupima kwa jicho. Protini huliwa kwanza, gramu 60 au zaidi kwa siku, ugali baadaye na kwa kiasi. Maji hunywewa nusu saa baada ya kula. Mazoezi ya kubeba na kusukuma uzito hulinda misuli. Vitamini B12, chuma, kalisi na vitamini D huendelea maisha yote, kwa sababu mtu aweza kunenepa tena huku damu yake ikipungua.

Hatua hizo zisipotosha, zipo dawa za kuzuia hamu, kama semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Wengi hunenepa tena wanapoziacha. Upasuaji wa pili huja mwisho, una hatari kubwa kuliko wa kwanza na kwa kawaida huleta upungufu mdogo zaidi. Kwa mkazi wa Muyinga ambaye daktari wake yuko ng'ambo, kinga iliyo karibu ni mizani ya kituo cha afya, kila mwezi, na kumwona mganga wa kituo hicho mara kilo chache za kwanza zinapoonekana.