Uganda Iliyo Ndani ya Kompyuta

Kwa mtu wa Busia, Uganda si safari. Kutoka Marachi, upande wa Kenya, hadi Sofia, ng'ambo ya pili, ni mwendo wa miguu, na jina boda boda lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu, enzi za baiskeli za kuvusha watu. Malaba nako madereva wa malori huitazama Uganda kwa macho wakiwa bado kwenye foleni upande wa Kenya.

Ipo Uganda nyingine isiyodai kitambulisho. Washa kompyuta yenye Linux, andika vim, bonyeza Enter. Ukurasa mtupu utafunguka, na mara kwa mara katikati yake utakuta ombi kwa Kiingereza: wasaidie watoto maskini wa Uganda. (Siku nyingine huombwa kuchangia utengenezaji wa programu yenyewe.)

Ombi hilo lina mwenyewe. Mholanzi Bram Moolenaar alinunua kompyuta ya Amiga mwaka 1988, akaikosa vi, programu ya kuhariri maandishi iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976. Akachukua programu iliyoiga vi, akairekebisha hapa na pale, na mwaka 1991 akaigawa kwa jina la Vim. Mwaka 1994 akaenda kujitolea Kibaale, mji mdogo wa Rakai karibu na Tanzania, akishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto. Usiuchanganye na Kibaale ya magharibi. Ukimwi ulikuwa umeifyeka Rakai na kuacha yatima wengi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la ICCF Holland, akaipangia Vim bei yake: hulipi kitu, ila ikikufaa, wakumbuke wa Kibaale. Leseni na habari za kituo akaziweka katika faili moja, uganda.txt.

Sasa tuje kwa fundi. Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, huja na kifurushi kidogo cha Vim, vim-tiny, kisicho na kurasa za msaada. Anayeishia hapo hataiona uganda.txt maishani. Dawa ni amri moja, sudo apt install vim, inayovuta pia vim-runtime, ambamo faili hiyo inakaa.

Kosa la wengi huja baadaye, wakati wa kusanidi. Mtu huchokora /etc/vim/vimrc, kisha siku ya kusasisha mfumo anaulizwa: nibakize faili yako au niweke mpya? Akijibu kwa pupa, mipangilio yake inawekwa kando. Mipangilio ya kompyuta nzima iandike katika /etc/vim/vimrc.local, yako binafsi katika ~/.vimrc. Humo ongeza set spell spelllang=sw. Tangu toleo la 7, la mwaka 2006, Vim hukagua tahajia, na kamusi ya Kiswahili hupatikana kwa kupakuliwa. Ukiiachia kamusi ya Kiingereza, barua yako nzima itapigwa mistari myekundu kama insha ya mtoto mtukutu.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Christian Brabandt na wenzake wakashika usukani, na toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, likatolewa kwa heshima yake.

Nawe uliye Busia au Malaba, fungua Vim uandike :help uganda. Ikikujibu kwamba haina msaada wowote, jua umewekewa ile ndogo.