Jahazi la Mafia: chombo cha mababu kinachofungwa spea mpya kila zama

Wapenzi wa magari ya zamani mnaijua hii raha. Umepata Land Rover 109 ya miaka ya 70. Bodi ya aluminiamu bado iko vizuri, ila injini imechoka, breki ni za kubahatisha na usukani mzito utadhani unageuza lori la mchanga. Unampelekea fundi. Anang'oa injini ya Kiingereza, anafunga dizeli ya Kijapani, anaweka pawa steringi, AC na viti vya kisasa. Nje mzee, ndani kijana. Hapo ndo ugomvi wa kijiweni unapoanza: hilo bado ni Land Rover, au ni gari jingine limevaa koti la Land Rover?

Sasa sikia. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948. Kisiwani Mafia huo ugomvi ulikuwepo karne nyingi kabla yake, maana chombo cha zamani kule hakina matairi. Ni mtumbwi, ngalawa, mashua na jahazi. Mafia iko Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Rufiji, na kwa sehemu kubwa ya historia yake kila kilichoingia au kutoka kilipita baharini: nazi, mbao, mgonjwa, hata bibi harusi. Kila zama wamekuja watu na spea mpya, na kila zama kuna fundi aliyelazimika kuamua kipi kibadilike na kipi kibaki. Majina ya mafundi hao hakuna aliyeyaandika. Kazi zao tunaziona.

Tuanze mbali kabisa. Karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuelekeza mabaharia, kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Hata yeye jina lake halijulikani. Anataja kisiwa cha pwani yetu alichokiita Menouthias. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Lakini alichokiona huko kinaeleweka: watu wana mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya kushonwa, wanavulia samaki na kukamata kasa.

Kushonwa kweli, siyo lugha ya mafumbo. Fundi alitoboa mbao pembezoni, akapitisha kamba za makumbi ya nazi, akakaza. Msumari hakuna hata mmoja. Aina iliyodumu muda mrefu zaidi ni mtepe, uliosukumwa na tanga la mkeka. Ubora wake ni kwamba ubavu wake ulikuwa laini: ukigonga mwamba au ukipanda pwani, unanepa badala ya kupasuka. Ubaya wake, kamba zinaoza, maji yanaingia, na mabaharia wanashinda wakikumba maji ya ngama. Kwa hiyo lilikuwa zuri, ila lilitaka matunzo ya kila mara, kama lile gari lako la kila Jumamosi gereji.

Kabla hatujafika kwenye misumari, tazama ngalawa. Kiini chake ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Gogo tupu jembamba hupinduka haraka. Zile mbao mbili za pembeni zinazolishika lisilale, yaani matengo, ni maarifa yaliyovuka Bahari ya Hindi na watu wa upande wa Indonesia, wale wale waliokwenda kuishi Madagaska. Fundi wa pwani hakulitupa gogo lake. Alilifunga mikono miwili, likaanza kubeba tanga kubwa na kwenda kasi. Ukitafuta "performance" ya zamani, basi ndiyo hiyo.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani hii. Vyombo vya Wareno vilikuwa vya misumari, na vingi vilikuwa na tezi bapa, yaani nyuma kumekatwa kama ubao wa kabati. Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Mtepe uliendelea kuonekana mpaka mapema karne ya 20, hasa upande wa Lamu. Lakini taratibu msumari ukashinda kamba, na tezi bapa ikaingia kwenye mashua na jahazi. Chombo kikawa kigumu zaidi, kinabeba mzigo mzito zaidi. Kulikuwa na cha kupoteza pia: ule ulaini wa kunepa uliondoka. Badala yake fundi akategemea kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye kila upenyo, na deheni ya chokaa na mafuta ya kupaka chini.

Karne ya 19 ikaja zamu ya tanga. Wafanyabiashara wa Kimarekani, wengi wao kutoka mji wa Salem, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba ambacho watu walikiita merikani. Kikawa nguo, kikawa fedha ya kubadilishana, kikawa na tanga. Mkeka ukastaafu. Kumbe hata lile tanga jeupe la pembetatu tunalolipiga picha jua likizama, tukisema "asili yetu hiyo", lilikuwa spea ya kisasa siku zake!

Halafu mashine. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, alianza kuuza injini ya kupachika nyuma ya boti. Baadaye Wajapani wakaichukua biashara hiyo, na leo pwani yetu nzima jina Yamaha linajulikana kuliko majina ya mawaziri. Na hapo ile tezi bapa ya karne zilizopita ikapata kazi ambayo hakuna fundi aliyeiwaza: ikawa mahali pazuri pa kuning'iniza injini. Vyombo vikubwa vikafungwa dizeli ndani, na fundi akalazimika kutoboa mbao za tezi ili shafti ya pangaboi ipite, bila kuruhusu bahari iingie.

Msidhani ni kazi ya nati na spana tu. Tanga linavuta chombo kwa juu, kupitia mlingoti, na mwili mzima wa jahazi umechongwa kwa nguvu hiyo. Injini inasukuma kwa chini, kwa nyuma, tena inatetemeka saa zote. Mtetemo unalegeza misumari na kukohoza kalafati nje. Uzito wa nyuma unazamisha tezi na kunyanyua omo. Kwa hiyo fundi anaongeza mataruma, anaimarisha ubao wa tezi, anapanga mzigo upya. Ni sawa na kufunga injini ya nguvu kwenye chesisi ya zamani bila kugusa breki na springi: utaenda kasi, ila hutajua utasimamia wapi.

Kwenye kisiwa cha Chole, jirani tu na Utende, vyombo vimeundwa hivyo kwa vizazi: tezo, keekee, msumeno na jicho. Ramani ya karatasi haipo. Vipimo viko kichwani na mkononi mwa mzee, na kijana anavipata kwa kusimama pembeni yake miaka na miaka.

Faida ya mashine hakuna wa kuibishia. Kusi ikivuma, jahazi la tanga linaloelekea kusini linahangaika kupinda huku na huku. Mgonjwa wa Jibondo au Juani hawezi kumsubiri upepo ugeuke. Samaki nao hawasubiri barafu iyeyuke. Na starehe zimefuata: turubai la kivuli, magodoro ya kukalia, ngazi ya kushukia majini kwa wageni wanaokuja Kilindoni kuogelea na papa potwe kati ya Oktoba na Februari. Mashua iliyobeba nazi sasa inabeba watalii na kamera zao. Nje mzee, ndani kijana.

Lakini angalia nahodha mwenye akili. Injini ameifunga, ila mlingoti hajaung'oa. Mafuta yanaisha, plagi zinakufa, na katikati ya mkondo hakuna gereji. Tanga limekunjwa hapo pembeni, linangoja. Kwangu mimi hilo ndo jibu la ule ugomvi wa kijiweni. Kitu cha zamani hakiharibiwi na spea mpya. Kinaharibika siku spea mpya inapogoma na hakuna anayekumbuka namna ya kukiendesha bila hiyo.

Na hatari ya leo iko hapo hapo. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikikopesha wavuvi boti za faiba. Ni nyepesi, hazioti fukusi, na magogo mazuri ya kuundia vyombo ni ya kutafuta kwa tochi. Siwezi kumwambia mvuvi aikatae eti ili sisi wa mjini tupate picha nzuri. Ila faiba inatoka kwenye kalibu, na kalibu haimhitaji yule mzee wa Chole. Kamba ilipotolewa, fundi alibaki. Mkeka ulipotolewa, fundi alibaki. Injini ilipokuja, fundi ndiye aliyeifunga. Safari hii, kwa mara ya kwanza, anayetolewa ni fundi mwenyewe.

Wengine wameshaonyesha kwamba inawezekana kufanya tofauti. Mwaka 1980 huko Oman liliundwa jahazi la Sohar kwa kushonwa, halafu likasafiri mpaka China. Ilibidi watafutwe mafundi waliokuwa bado wanaijua kazi ya kamba. Lamu nako walizindua Flipflopi mwaka 2018: umbo la jahazi, mbao zake plastiki iliyookotwa, na walioliunda ni mafundi wa majahazi. Kitu kipya kabisa, mkono ule ule wa zamani.

Kwa hiyo ukifika Mafia ukapanda mashua ya mashine, usiishie kuuliza injini ni ya farasi wangapi. Uliza nani aliichonga, na nani anajifunza kwake. Jina lake ukilipata, liandike mahali. Karne ishirini zimepita bila mtu kufanya hivyo.